Arubuni, Mashua na Mtoto wa Miaka Minne

Arubuni ni neno kongwe katika biashara za pwani yetu, na maana yake ni ile fedha kidogo itanguliayo, atoayo mnunuzi ili muuzaji asimpe mwingine kitu walichokwisha kuafikiana. Na kila mwaka, kusi inapotulia na bahari ya Shimoni kulainika, kuanzia mwezi wa Oktoba hata Machi, arubuni nyingi hutolewa katika ufukwe wa Diani, chini ya minazi, kwa mtu ambaye mtoaji halijui hata jina lake kamili, ili kesho yake alfajiri gari lije mlangoni, liwachukue baba na mama na watoto wao, liwafikishe gatini Shimoni, kisha mashua iwapeleke Kisite kutazama pomboo na matumbawe, na Wasini kula samaki, na jioni warudishwe walikotoka. Ni safari njema, wala sina nia ya kumtia hofu mzazi yeyote asiifanye. Nia yangu ni kwamba ajue, kabla mguu wa mwanawe haujaingia chomboni, ni nini anachoweza kudai na ni nini anachoweza kukataa, maana wengi huanza kuiuliza sheria baada ya dhara kutokea, ilhali nguvu yake kubwa imo katika ile saa ya kwanza.

Swali niulizwalo mara kwa mara ni hili: "Mimi na yule kijana hatukuandikiana hata mstari mmoja, sasa nitamshika wapi?" Aulizaye aghalabu amekwisha kukata tamaa, akidhani kwamba pasipo karatasi yenye muhuri hapana mkataba, na pasipo mkataba hapana haki. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, yataka maandishi katika mambo machache mahsusi, kama vile kuuziana ardhi au kumdhamini mtu katika deni lake. Ama safari ya mashua, au kukodi gari la kukufikisha stesheni, si katika hayo, na neno la mdomo lililokubaliwa kwa neno la mdomo, kisha likafuatwa na fedha, ni mkataba unaowafunga nyote wawili. Kilicho kigumu ni kuuthibitisha, na hapo zama zetu zimetufaa kuliko zama za babu zetu, kwa kuwa ujumbe wa M-Pesa hubeba jina la mpokeaji, kiasi, tarehe na saa, na sauti iliyotumwa kwa WhatsApp ikisema, "Usijali mama, watoto wote watapata jaketi zao," ni ithibati ambayo shahidi wa kuapa huenda asiifikie. Basi lipa kwa simu, wala si kwa noti mkononi. Na kabla ya kulala mwandikie ujumbe mfupi wa kurudia mlivyoafikiana, watu wangapi, watoto wa umri gani, gari la namna gani, saa ya kwenda na saa ya kurudi, na bei hiyo imekusanya nini. Akijibu "sawa", ni kana kwamba ametia sahihi.

Huenda asubuhi akakuambia kwamba mashua si yake, na kwamba yeye alikuwa akikuunganisha tu na wenyewe. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 imekwisha kuliona jambo hilo, kwani katika kumfasiri muuzaji imemhesabu pia wakala wake, na hata yule ajionyeshaye kwa watu kuwa ndiye muuzaji. Kwa hiyo aliyepokea arubuni yako hawezi kuikimbia dhima kwa kukuonyesha mwenye chombo kwa kidole. Sheria hiyo hiyo inakata kwamba huduma iliyouzwa iwe ya kiwango kinachoridhisha. Kwamba aliyevutwa katika mkataba kwa maelezo ya uongo aweza kuuvunja kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka mmoja na kudai fedha zake. Na kwamba haki hizi haziondoki kwa sababu tu nyuma ya tikiti pameandikwa kwa herufi ndogo kuwa umeziacha. Wageni wa Ulaya, wale wanaoshuka katika meli za kitalii zinazotia nanga Kilindini msimu wa kaskazi, na wale waletwao na makampuni kwa bei moja ya ndege, hoteli na matembezi, wanayo kwao kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018, isemayo kwamba aliyeuza safari iliyofungwa pamoja ndiye awajibikaye kwa kila kipande chake, hata kilichotendwa na mtu mwingine. Na mzazi wa kwetu akiwaona wakihoji mambo kwa ujasiri hudhani huo ni ujasiri wa fedha. La. Ni ujasiri wa kujua, na yeye kwake ana ibara ya 46 ya Katiba, inayompa haki ya huduma yenye ubora wa kadiri, ya kupewa habari zote zinazohitajika, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kulipwa fidia akidhurika.

Nimeona kwa macho yangu haki hiyo ikitumika, na ninaamini haijapata kutumika vizuri zaidi. Ilikuwa asubuhi ya Desemba, gatini Shimoni, maji yamejaa, na mashua ikisubiri abiria wake, miongoni mwao mama mmoja na watoto wawili, mdogo wao wa kiasi cha miaka minne. Baharia alimvisha yule mdogo jaketi la kuokoa maisha lililokuwa la mtu mzima, akalifunga kamba kifuani, akageukia abiria mwingine. Mama alipiga goti, akaliinua lile jaketi kwa mabega yake. Nalo likapanda lenyewe, kichwa cha mtoto kikazama ndani yake hata masikioni, mikono ikabaki juu kama ya mtu aliyekamatwa. Akamwambia nahodha kwa sauti ya chini, "Baba, huyu akianguka, jaketi litaelea na yeye atakwenda chini." Nahodha, mtu mzima mwenye adabu, akamjibu kwamba bahari ni shwari na kwamba yeye amezaliwa humo. "Sina shaka na uhodari wako, baba, ninachotaka ni jaketi la kimo chake." Abiria wengine walianza kunung'unika kwa kucheleweshwa. Kijana akatumwa, akarudi mbio na jaketi mbili ndogo, rangi ya chungwa iliyopauka kwa jua, zenye ule mkanda upitao katikati ya mapaja ambao ndio uzuiao jaketi lisimtoke mtoto majini. Na safari ikaanza nusu saa baada ya wakati wake.

Mama yule hakuwa akiomba hisani. Vyombo vya abiria katika bahari yetu viko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kwa Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009, na chombo chako sharti kiwe kimekaguliwa na kupewa hati inayotaja idadi ya watu kiwezao kubeba. Unayo ruhusa kuomba kuiona hati hiyo, na ukihesabu watu mhesabu pia mtoto aliyepakatwa, maana bahari haimpunguzi kwa kuwa yu mapajani. Sisi wa kusini ya Likoni hatuhitaji kukumbushwa maana ya chombo kilichopakia kupita kiasi: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na gati, wakafa watu 272, na zipo nyumba Kwale ambazo siku hiyo hutajwa hata leo kwa sauti ya kunong'ona. Basi jaketi la kimo cha mtoto lisipopatikana, au watu wakizidi idadi ya hati, una haki ya kubaki gatini na kurudishiwa fedha yako yote pamoja na arubuni, kwa sababu aliyevunja ahadi ni aliyeleta chombo kisichostahili, si wewe uliyekataa kukipanda.

Hali ni nyingine bahari ikichafuka. Nahodha akiahirisha safari kwa ajili ya mawimbi ametenda lililo wajibu, wala asilaumiwe. Walakini fedha uliyolipa kwa jambo lisilofanyika hubaki kuwa yako, ijapokuwa mahakama yaweza kumruhusu muuzaji akate gharama alizokwisha kuziingia kwa ajili yako. Akikuambia uje siku nyingine, hiyo ni hiari yako, na kwa aliye na safari ya kurudi bara kesho yake si fidia hata kidogo. Lakini nawe ukighairi usiku kwa kuwa mtoto ameshikwa na homa, hapo mkataba umevunjika upande wako, na arubuni yaweza kupotea ikiwa ndivyo mlivyoafikiana. Kwa hiyo wenye watoto wadogo waliseme jambo la homa mapema, wala wasione haya, kwani watoto huugua safarini na kila mtu wa pwani anajua.

Sasa barabara. Mtu akikodi gari Ukunda kwenda Shimoni au Shimba Hills, aangalie kwanza kioo cha mbele, ilipobandikwa stika ya bima. Gari la mtu binafsi, lenye bima ya matumizi ya nyumbani, likibeba abiria wa kulipa kisha likapata ajali, kampuni ya bima huenda ikadai kwamba haikuidhamini kazi hiyo, na aliyeumia akaachiwa kumfuata dereva asiye na kitu. Ilhali gari la abiria lenye leseni na bima iliyo sawa lina mlipaji nyuma yake. Mikanda ni haki ya kila kiti tangu kanuni zilizotiwa nguvu Februari 2004, zile ambazo watu walizipa jina la marehemu John Michuki, na mtoto naye apewe kiti chake. Kuhusu bodaboda nitasema kwa ufupi: sheria yaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya mwendeshaji, kwa hiyo mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja wamekwisha kuwa nje ya sheria kabla ya kuondoka.

Jambo linalowaliza wengi ni gari la moshi. Tangu mwaka 2017 jamaa za Nairobi hushuka Miritini na kuvuka kuja Diani, na siku ya kurudi, watoto wamechoka na mizigo imejaa mchanga, dereva huja amechelewa, au huwapeleka Likoni kwenye foleni ya feri badala ya kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, nao hufika stesheni wakaukuta mlango umefungwa. Nani atalipa tikiti zilizopotea? Mahakama zetu hufuata kanuni iliyotokana na kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, Hadley v Baxendale, iliyohusu kinu cha nafaka kilichosimama kwa kuwa mchukuzi alichelewa na chuma chake: mvunja mkataba hulipa hasara ile ambayo wote wawili waliweza kuiona mbele walipokuwa wakiafikiana. Basi kama dereva hakujua kuwa una gari la moshi la saa fulani, hasara ya tikiti yaweza kukubakia. Bali ukimwandikia, "Tunaondoka Miritini saa tisa, tufike saa nane," umeihamisha hasara hiyo ikawa yake kwa maneno machache ya simu. Sijui hadhari iliyo rahisi kuliko hiyo yenye faida kubwa kiasi hicho. Na ukivuka kwa feri, shuka garini na watoto, uwashike mkono. Tangu lile gari lililoteleza majini tarehe 29 Septemba 2019 likiwa na mama na binti yake mdogo, hapana mzazi anayehitaji kuelezwa sababu.

Katika hoteli, mwendako kuogelea kwa kutwa, mtaona ubao umeandikwa kwamba wenyewe hawana dhima kwa lolote litakalotokea. Msiusome kama hukumu. Sheria ya Dhima ya Mwenye Mahali, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali atarajie kwamba watoto hawatakuwa na uangalifu wa watu wazima. Na ubao, ambao mtoto wa miaka minne hawezi kuusoma, haumwokoi mwenye bwawa lisilo na uzio wala mwangalizi. Hilo halimwondolei mzazi wajibu wake wa kuangalia, na mahakama huyapima yote mawili.

Mtoto akiumia, Mungu apishe mbali, kumbuka ibara ya 43 ya Katiba: hapana atakayenyimwa matibabu ya dharura, iwe ni hospitali ya rufaa ya Msambweni au zahanati ya binafsi ya Diani, wala sharti la amana lisitangulie uhai. Kisha, ikiwa ni ajali ya barabarani, chukua waraka wa polisi, na usitie sahihi karatasi yoyote ya kupokea fedha kando ya kitanda, hata kama mleta karatasi ni mpole. Mtoto hushtaki kwa jina lake kupitia mzazi aliye rafiki yake wa karibu kisheria, na kesi ikishafunguliwa, suluhu juu ya haki yake haifai bila idhini ya mahakama, kwa kuwa fedha ile ni ya mtoto, si ya mzazi. Madai ya majeraha yafunguliwe ndani ya miaka 3, ya mkataba ndani ya miaka 6. Yasiyozidi shilingi milioni moja huingia katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria imeitaka imalize shauri katika siku 60, ambamo Kiswahili ni lugha halali ya kesi na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Karani wa mahakama ya Kwale au ya Msambweni atakuelekeza pa kuifungua, na asiye na uwezo aiendee Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria, Mombasa. Nenda na ujumbe wa M-Pesa, maneno ya WhatsApp yaliyochapishwa, na picha ya jina la mashua au namba ya gari, kila kimoja nakala tatu: ya mahakama, ya unayemdai, na yako mwenyewe, ambayo usiondoke dirishani kabla haijapigwa muhuri wa tarehe.