Kumsindikiza mzazi anayengoja jibu la damu

Somo kwa jamaa za waamini
Ya kusoma nyumbani: Kutoka 20:12, 2 Wafalme 20:1-7, Marko 7:9-13

Somo la leo tulilipata kwenye benchi la hospitali, tukiwa pamoja na mama yetu mzazi. Wengi kati yenu mna baba au mama aliyepimwa damu, kisha munganga akasema: «Tunafikiri ni kansere ya damu, lakini bado hatuna hakika.» Neno hilo «tunafikiri» ni zito kulibeba, maana si ndiyo wala si hapana. Katika siku hizo za kungoja, mtoto afanye nini?

Jibu letu ni hili: mzazi asiachwe nje ya ugonjwa wake mwenyewe. Tulilijua neno hili kwa kukosea kwanza.

YALIYOTUPATA

Mwaka 2021 mama yetu alikuwa na miaka 66, akiuza unga sokoni Likasi. Alianza kuchoka bila kazi nyingi. Usiku alitoa jasho hadi kubadili shuka. Mezani alishiba baada ya matonge mawili ya bukari. Tulimtibu malaria mara tatu. Mara ya nne munganga aligusa tumbo upande wa kushoto, akakuta bandama imevimba. Akaagiza chembe za damu zihesabiwe. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4.000 na 10.000 hivi katika milimita moja ya ujazo. Za mama zilipita 150.000. Tukatumwa Lubumbashi, safari ya kilometa 120 hivi, kwa vipimo vingine.

Sisi watoto watano tulikutana nje ya mlango wa chumba chake. Tulipatana mama asiambiwe. Tutasema ni malaria iliyokomaa. Sisi tulio shemasi, tuliozoea kuwafundisha wengine juu ya kweli, tulikubali uongo huo bila kubisha.

Ndani ya basi mama alituuliza: «Mnanong'ona nini? Mwili huu ni wangu, na ninyi mnauzungumza nje ya mlango. Kama ni kifo, nina mambo ya kupanga. Kama si kifo, mbona mnaniogopa?» Hatukuwa na jibu. Njia yote hatukusema neno.

Jioni ile tulimwomba msamaha. Tulimwuliza: «Mama, unapenda kujua kiasi gani?» Akasema: «Yote, lakini polepole.» Basi tukamwambia yale tuliyoyajua, na yale ambayo wanganga wenyewe walikuwa bado wakiyatafuta. Usiku ule alilala vizuri kuliko sisi.

1. TUFAHAMU DAMU

Damu ina chembe za namna tatu. Chembe nyekundu hubeba hewa safi mwilini. Chembe nyeupe hupigana na magonjwa. Chembe za kugandisha huziba kidonda ili damu isimwagike. Zote hutengenezwa katika uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa.

Katika kansere ya damu ambayo wanganga huiita leukemia, uboho hutoa chembe mbovu nyingi mno, nazo huweza kuzisonga zilizo nzuri. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu na kuchoka, homa humrudia, fizi hutoka damu, madoa meusi huonekana ngozini bila kugongwa, uzito hushuka, au tezi za shingo huvimba. Si wote wanaopata dalili zote.

Lakini tuangalie sana. Malaria huweza kuvimbisha bandama. Kifua kikuu huleta jasho la usiku. UKIMWI hupunguza uzito. Kwa hiyo mtu asilitaje jina la ugonjwa kwa kuona dalili tu, wala asimzike mzazi wake moyoni kabla ya kipimo. Tena si kansere zote za damu zinazokwenda mbio. Nyingine huua upesi zisipotibiwa. Nyingine hukaa miaka, na kwa wazee wengine wanganga huangalia tu kwanza, bila kutoa dawa. Kungoja jibu lililo sahihi ni sehemu ya matibabu.

2. KAZI YA MTOTO KATIKA SIKU ZA KUNGOJA

a) Ashike daftari. Mtoto mmoja achaguliwe kuandika tarehe, dawa, na maneno ya munganga. Karatasi zote zikae katika mfuko mmoja wa plastiki. Sisi tulipoteza karatasi moja, tukalipa kipimo kilekile mara mbili.

b) Aulize bila kuogopa. Mnashuku ugonjwa gani? Kipimo gani kimebaki? Ni bei gani, na jibu litachukua siku ngapi? Dalili gani zikitokea tumrudishe mara moja? Mzazi awe chumbani wakati wa kuuliza.

c) Akae karibu wakati wa kipimo cha uboho. Wanganga hufisha ganzi mahali, kisha huingiza sindano katika mfupa wa nyonga au wa kifua na kuvuta uboho kidogo. Ni dakika chache, lakini yanauma. Mama alitushika mkono hadi vidole vyetu vikafa ganzi. Hatukusema neno la kumtia moyo, maana hatukuwa nalo. Baadaye alisema mkono ule ulimtosha.

d) Asidharau homa. Mtu ambaye chembe zake nyeupe ni mbovu, homa yake haingojei kesho. Apelekwe hospitali siku ileile, hata kama ni usiku.

e) Asimpe dawa ovyo. Asipirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza kutoka damu. Zisitolewe bila munganga kujua. Majani ya kuchemsha nayo yasitolewe kwa siri. Munganga aambiwe kila kitu ambacho mgonjwa anakunywa.

f) Atafute watoaji wa damu mapema. Mgonjwa akihitaji kuongezewa damu, mara nyingi jamaa ndiyo inayoombwa kuleta watu. Mtu mwenye afya, aliyetimiza miaka 18 na mwenye kilo 50 au zaidi, kwa kawaida anaweza kutoa damu. Huchukuliwa chini ya nusu lita, na mwili huitengeneza tena. Damu hiyo sharti ipimwe UKIMWI, kaswende na homa ya ini ya B na C kabla ya kumpa mgonjwa. Vijana wa kwaya, hii nayo ni sadaka.

3. MALI NA NDUGU

Ugonjwa wa mzazi hufungua hesabu za zamani. Kaka yetu alisema: «Mimi nililipa mazishi ya baba.» Dada yetu akasema: «Mimi ndiye ninayemwosha.» Wote wawili walisema kweli. Tuliomba mzee mmoja wa kanisa akae katikati yetu. Alitufundisha kwamba mwenye franka alete franka, mwenye mikono alete mikono, na aliye mbali apige simu kwa mama mwenyewe, asipige kwetu tu kuuliza habari. Yote yakaandikwa katika daftari, mbele ya wote.

Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao wameiweka wakfu kwa Mungu, kumbe wanakwepa kuwasaidia baba na mama zao. Sisi tulikuwa tumeahidi fedha kwa ajili ya bati za nyumba ya ibada. Tulipokwenda kwa mchungaji na aibu usoni, alituambia: «Bati zitangoja. Mpeleke mama kwanza.» Tunaliandika neno hili ili asiwepo mwamini atakayejificha nyuma ya sadaka.

4. TUSITAFUTE MCHAWI

Wiki ya pili ya kungoja, mmoja wa jamaa alianza kumtaja shangazi yetu, mjane asiye na mtoto. Alisema ndiye «anayekunywa damu» ya mama. Wengine walitaka kwenda kwa mfumu. Wapendwa, jambo hili limevunja jamaa nyingi na kuwatupa wazee wengi barabarani.

Kansere ya damu haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja. Haitumwi na jirani. Mara nyingi wanganga hawawezi kutaja chanzo chake kwa mgonjwa fulani. Baadhi ya vyanzo vinajulikana, kama vile benzini ya viwandani inayovutwa kwa muda mrefu, na mionzi mikali. Sisi wa Likasi tunaijua Shinkolobwe. Mgodi huo ndio uliotoa sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945, na miaka iliyofuata leukemia iliongezeka kati ya watu waliopona moto wa bomu lile. Hatusemi kwamba mama yetu aliugua kwa sababu ya mgodi; hakuna awezaye kusema hivyo. Tunasema tu kwamba ugonjwa huu una njia zake mwilini, nao haukutoka katika macho ya mjane.

Mama aliposikia maneno yale, alimwita shangazi aje kumsuka nywele mbele ya wote. Maneno yakaisha.

5. MAOMBI NA DAWA

Wengine wanauliza: kama tunaamini maombi, kwa nini tungoje jibu la maabara? Tusome habari za mfalme Hezekia. Aliugua karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, naye Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa viliingia katika nyumba moja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Sisi tuliwaomba wazee wamwombee mama kila Jumatano. Tuliomba Mungu ampe nguvu, awaongoze wanganga, na atulinde na hasira kati yetu. Hatukuomba kwa sauti za kumwogopesha mgonjwa, wala hatukumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Mtu anayengoja jibu la namna hii amekwisha kubeba ya kutosha.

Na wewe mtoto unayeuguza, ule na ulale. Ukiona machozi yanakuja, tafuta ndugu mmoja wa kumwambia. Sisi tulikuwa tukilia chooni, tukifungua maji ili mama asisikie. Siku moja alisema: «Njoo ulie hapa, tulie wawili.»

JIBU LILIPOKUJA

Jibu lilichukua wiki tano. Ilikuwa kansere ya damu kweli, ile ya namna sugu inayokwenda polepole mwanzoni. Namna hiyo ina dawa ya vidonge iitwayo imatinibu, iliyoanza kuruhusiwa mwaka 2001, nayo imewaongezea wengi miaka ya kuishi. Kwa kawaida mgonjwa humeza kila siku na kupimwa damu mara kwa mara. Si kansere zote za damu zinazosikia dawa hii, ndiyo maana jina kamili la ugonjwa lilikuwa la lazima.

Baada ya miezi mitatu bandama ilirudi ndani, na mama akala bukari yake yote. Hapo likaja jaribu jingine. Mwamini mmoja alimwambia: «Umekwisha kupona, acha vidonge, usimwaibishe Mungu.» Mama alituuliza. Tulimwambia kweli, kama tulivyoahidi: chembe mbovu zimenyamaza, lakini mtu akiacha dawa bila munganga zinaweza kurudi na nguvu zaidi.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu, akawashukuru watoto na wanganga. Kisha akafungua pindo la kitenge chake, akawaonyesha watu vidonge vyake na kusema: «Na hivi bado ninavimeza.» Kanisa likaitika Amina. Hadi leo anavimeza. Baadhi ya miezi kuvipata ni vigumu, nasi watoto tunarudi kwenye daftari na kuchanga tena.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, kuna jambo juu ya afya ya mzazi wako ambalo wote nyumbani wanalijua isipokuwa yeye?
2. Nani katika jamaa yenu atashika daftari?
3. Kuna mtu aliyetajwa kuwa mchawi kwa sababu ya ugonjwa? Nani atakwenda kumwomba msamaha?
4. Kati ya franka, mikono na simu, wewe utaleta nini wiki hii?

Mungu awatie nguvu wote wanaongoja jibu. Amina.

Shemasi wenu