Airisi za Maua ya Kijani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua na Kupanda

Ua ni miongoni mwa bidhaa chache ambazo mlaji huzilipia kabla ya kuziona. Anayenunua airisi hukabidhiwa tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo linalofanana na tangawizi, pamoja na picha ya ua litakalochanua baada ya miezi mingi. Likichanua kwa rangi nyingine, mara nyingi risiti imekwisha kupotea na muuzaji hapatikani. Somo hili linalenga kumwezesha mlaji kuihoji ahadi ya rangi kabla ya kulipa, na kulitunza ipasavyo tunguu alilonunua.

1. Kijani cha kweli ni kipi?

Ua la airisi lina petali sita: tatu husimama wima na tatu huning'inia. Airisi za kijani zipo, lakini kijani chake ni hafifu. Hutokana na klorofili, ile ile inayoyapa majani rangi yake, ambayo katika petali mara nyingi huchanganyika na rangi ya manjano. Mlaji atarajie kijani kinachoelekea umanjano, mfano wa ganda la limau linaloanza kuiva, wala si kijani cha jani la mgomba. Nyingine zina kijani sehemu tu. Aina iitwayo Green Spot ni nyeupe, na kijani chake ni doa katika petali zinazoning'inia. Airisi ya mwituni ya nchi za Mediterania, ambayo wataalamu huiita Iris tuberosa, ina ua la kijani-manjano na petali za nje zenye weusi kama mahameli. Picha yenye kijani kikali na kilichoenea petali zote itiliwe shaka.

2. Rangi hainunuliwi kwa mbegu

Airisi nyingi za bustani ni machotara. Mbegu zake hazitoi miche inayofanana na mama, na mche wa mbegu huweza kuchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kuchanua. Kwa sababu hiyo, aina yenye jina huongezwa kwa kugawanya tunguu. Muuzaji anayeahidi rangi maalumu kutokana na pakiti ya mbegu anaahidi jambo asiloweza kulithibitisha.

3. Je, itachanua mahali unapoishi?

Airisi zenye ndevu, ambazo ndizo kundi lenye aina nyingi za bustani, huhitaji majira ya baridi ili zitoe maua vizuri. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja asitarajie maua; joto na unyevunyevu huozesha tunguu. Katika nyanda za juu, kama vile Lushoto, Njombe na Mbeya, matumaini yapo, ingawa si hakika. Anayependa ua la kijani bila kusubiri sana anaweza kuchagua gladioli, iliyo ya ukoo mmoja na airisi. Aina yake iitwayo Green Star ni ya kijani, na kwa kawaida gladioli huchanua takriban miezi mitatu baada ya kupandwa.

4. Wakati wa kununua

(a) Binya tunguu. Liwe gumu na zito. Lililo laini au lenye harufu mbaya limeoza.

(b) Dai jina kamili la aina, nalo liandikwe kwenye risiti. Maneno "airisi ya kijani" hayatoshi. Chama cha airisi cha Marekani, American Iris Society, kilichoanzishwa mwaka 1920, hutunza daftari la kimataifa la majina ya airisi zisizo za vitunguu. Jina lililosajiliwa huweza kulinganishwa na maelezo yake.

(c) Usiagize mimea kutoka nje ya nchi kwa njia ya vificho. Uingizaji wa mimea huhitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Tunguu moja lenye ugonjwa huweza kudhuru mashamba ya majirani.

5. Kupanda na kutunza

Chagua mahali penye jua kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku na pasipotuama maji. Laza tunguu, tandaza mizizi pande mbili, kisha fukia mizizi huku mgongo wa tunguu ukibaki wazi au ukifunikwa kwa udongo kidogo tu. Acha nafasi ya sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Epuka mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwa kuwa huleta majani mengi na kuoza. Gawanya matunguu kila baada ya miaka mitatu au minne.

6. Tahadhari ya nyumbani

Tunguu la airisi lina sumu. Likiliwa huweza kusababisha kutapika na kuharisha, na utomvu wake huwasha ngozi. Kwa kuwa hufanana na tangawizi, lisihifadhiwe jikoni kamwe. Liwekwe lebo, na watoto na mifugo waepushwe nalo. Aliyelila apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

7. Iwapo umepotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji. Hifadhi risiti, tangazo na ujumbe wa muuzaji mpaka mmea uchanue, kisha piga picha ya ua. Anza kwa kumwandikia muuzaji. Asipokuridhisha, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini pakiti ya mbegu haiwezi kuhakikisha rangi ya ua?
2. Ni maneno gani yanayopaswa kuwamo katika risiti yako?
3. Tunguu ulilonunua leo utalihifadhi wapi usiku huu?