Sanamu, Picha na Ushahidi

Wako ndugu wapya katika dini hapa Songea waulizao: "Ikiwa Uislamu umekataza sanamu, je, picha iliyomo katika kitambulisho changu nayo ni sanamu?" Swali hili ni jema. Jawabu lake lahitaji kwanza tufahamu picha ni kitu gani, kwani maana yake imebadilika.

Kwanza, zamani kila sura ilitoka mkononi mwa mtu. Sanamu za mashujaa wa Wangoni zilizomo katika Makumbusho ya Majimaji mjini kwetu ni za namna hiyo: mchongaji ametia humo mkono na fikira zake.

Pili, mwaka 1839 ilitangazwa huko Ufaransa njia ya Daguerre, ambayo kwayo nuru yenyewe huacha alama juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha ikawa kama kivuli kilichozuiliwa kisiondoke. Ndiyo maana picha zilizopigwa wakati wa Vita vya Majimaji (1905–1907) ni ushahidi: watu hao walisimama kweli mbele ya kamera. Hata Masihi Aliyeahidiwa a.s. alikubali kupigwa picha, ili watu wa mbali wauone uso wa mwenye kuwaita, si ili iabudiwe.

Tatu, mwaka 1957 Russell Kirsch wa Marekani aliigeuza picha ya mwanawe mchanga kuwa tarakimu, nukta 176 kwa 176. Simu zetu leo hufuata njia hiyo hiyo ya tarakimu. Na tarakimu hubadilishwa kwa wepesi. Tangu mwaka 2022 watu wengi wameweza kuiandikia programu ya akili bandia maneno machache tu, nayo ikatoa uso wa mtu asiyezaliwa kamwe. Basi picha imerudi kuwa kazi ya fikira, lakini imevaa kanzu ya shahidi.

Kwa hiyo, ewe msomaji, uliza mambo mawili. Je, picha hii inaabudiwa? Ikiwa ndiyo, hiyo ni shirki, iwe ya jiwe au ya karatasi. Picha ya kitambulisho haiabudiwi. Kazi yake ni kumtambulisha mtu. Je, inasema kweli? Sura Al-Hujurat yatuamuru tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Ukiletewa katika simu picha ya kumwaibisha jirani, uliza ni nani aliyeipiga, lini na wapi. Usipopata jawabu, usiipeleke mbele: heshima ya jirani ni amana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.