Glaida ya Sola: Kijitabu cha Mjenzi wa Mara ya Kwanza

Novemba 4, 1974, huko California, Marekani, Robert Boucher alirusha Sunrise I, ndege isiyo na rubani iliyopaa kwa nguvu ya jua. Mwaka 2025 nyingine, Zephyr, ilirushwa kutoka Laikipia, Kenya, ikakaa angani siku 67. Zote mbili zina mabawa marefu na mwili mwepesi kupita kiasi. Kwa hiyo, kabla hujanunua seli hata moja, jenga glaida inayoelea vizuri bila mota.

Hesabu ya wati

Glaida ya kilo 1 inayoshuka nusu mita kwa sekunde inahitaji takribani wati 5 ili ibaki kwenye kimo kilekile. Mota na propela hupoteza karibu nusu ya umeme, basi hesabu wati 10. Sasa ongeza uzito mara mbili bila kubadili bawa: ndege italazimika kwenda kasi zaidi, na mahitaji yatakaribia mara tatu. Ndiyo maana tunasisitiza mizani ya jikoni. Pima kila kipande, hata gundi.

Seli nyembamba ya silikoni yenye upande wa sentimita 12.5 ina uzito wa gramu 7 hivi na hutoa takribani wati 3 jua likiwa kali na likiipiga wima. Seli 12 zikipangwa mstari mmoja huchukua mita 1.5 ya bawa. Joto, mwinamo wa jua na upotevu wa njiani vitapunguza jumla ile ya wati 36. Panga kazi yako kwa wati 20. Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati hapa, kwani saa sita mchana jua halikai mbali na utosi.

Bawa

Urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 20 unamfaa anayeanza. Acha mita 1.5 ya katikati iwe bapa, kisha inua ncha mbili za sentimita 25 ili ndege ijiweke sawa inapoyumba. Seli zote zikae katikati. Zimeunganishwa mfululizo, hivyo moja ikielekea pembeni au ikifunikwa na kivuli, inazibania umeme zote.

Povu jeupe linalofungiwa televisheni linafaa kwa bawa, likiwekewa boriti ya mrija wa nyuzi za kaboni. Mgongo wa bawa usipinde sana, kwa sababu seli hizi huvunjika kwa kubonyezwa na kidole tu. Zilehemu juu ya meza bapa kabla ya kuzilaza, na kila kiungo ukiachie waya uliolegea kidogo. Bawa hujikunja hewani, na waya uliokazwa utang'oka.

Uzito wa ndege usawazike kwenye theluthi ya kwanza ya upana, yaani sentimita 6.5 hivi kutoka ukingo wa mbele. Irushe kwa mkono kwenye nyasi, ikikabili upepo. Ikiinua pua kisha ikaporomoka, sogeza betri mbele. Ikipiga mbizi, irudishe nyuma.

Umeme

Seli 12 hutoa karibu volti 7 tu, ilhali betri ya lithiamu ya seli mbili hujaa kwa volti 8.4. Unahitaji kidhibiti chaji kinachopandisha volti na kukata kwenye kiwango hicho. Usikiruke kifaa hiki. Betri ya lithiamu ikijazwa kupita kiasi huweza kuwaka, na povu hushika moto upesi. Iliyovimba usiitumie tena.

Uwanjani

Uliza kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kuhusu usajili na vibali, na kaa mbali na viwanja vya ndege na mikusanyiko ya watu. Mwalimu awepo watoto wanaporusha.

Siku ya kwanza ruka bila kuitegemea sola. Ukishaimudu rimoti, funga kifaa kidogo cha kurekodi mkondo kati ya betri na mifumo mingine, uruke kwa usawa kati ya saa tano na saa nane mchana. Rekodi ikionyesha umeme unaingia kwenye betri wakati mota inazunguka na kimo hakishuki, jua ndilo linaloibeba ndege yako.