Skuta Inaponguruma Bila Kwenda

Katika skuta isiyobadilishwa gia kwa mkono, nguvu ya injini hupitia mkanda wa mpira unaozunguka puli mbili. Injini inapoongeza kasi, vizito vilivyomo katika puli ya mbele hutupwa nje na kuzibana pande zake. Mkanda husukumwa kuelekea ukingoni na mwendo huongezeka. Huko nyuma, viatu vya klachi hutanuka kwa mzunguko na kuishika ngoma inayoliendesha gurudumu.

Kwa kuufahamu mpangilio huu, hitilafu hutambulika kwa dalili zake:

(a) Injini hunguruma, gurudumu halizunguki kabisa: mara nyingi mkanda umekatika.

(b) Skuta huondoka vizuri lakini haifikii kasi yake ya kawaida: huenda mkanda umelika, ukapungua upana, hata haufiki ukingoni mwa puli ya mbele.

(c) Mwendo hupanda kwa kushtuka: huenda vizito vimelika upande mmoja, haviviringiki.

(d) Skuta hushindwa mlima ilhali injini yaenda kasi: huenda viatu vya klachi vimelika au vimeingiwa na oili.

Kabla ya kufungua kifuniko, injini sharti izimwe na ipoe. Upana wa mkanda upimwe, ulinganishwe na kipimo cha chini kilichomo katika kitabu cha mtengenezaji. Mkanda wenye nyufa ubadilishwe mara moja, kwani ukikatika safarini vipande vyake vyaweza kulikwamisha gurudumu la nyuma ghafla. Oili ikionekana, kubadilisha viatu pekee hakutoshi. Sili inayovuja itafutwe kwanza.