Henza katika Katamarani Ndogo: Jinsi ya Kuifunga na Kuihifadhi, na Suala la Istilahi

Utangulizi

Msamiati wa ubaharia ni hazina ambayo mwanafunzi wa Kiswahili mara nyingi hukutana nayo kamusini kabla ya kuiona ikifanya kazi. Makala haya yanaeleza jinsi henza ya tanga kuu inavyofungwa na kuhifadhiwa katika katamarani ndogo. Aidha, yanachunguza iwapo istilahi zilizotokana na jahazi zinatosha kueleza kazi hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba henza iliyofungwa vyema haijilegezi yenyewe, lakini hufunguka mara inapohitajika. Ili hayo yawezekane, baharia anahitaji jina mahususi kwa kila kamba.

Istilahi za Msingi

Katika jahazi, tanga hufungwa kwenye foromali. Foromali hupandishwa kwa kamba nene iitwayo henza, inayopita kileleni mwa mlingoti. Kwa kuwa foromali ni nzito, henza huunganishwa na gofia, yaani kapi, ambamo hupita kamba nyembamba zaidi iitwayo jarari. Mabaharia huvuta jarari, jarari huvuta henza, nayo henza hupandisha foromali. Demani ni kamba tofauti kabisa. Hiyo hufungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, na kazi yake ni kuliongoza tanga lipokee upepo au liuachilie.

Katamarani ni chombo chenye miili miwili myembamba iliyounganishwa. Jina lake limetokana na Kitamili: kattu ni kufunga, na maram ni mti. Katika katamarani ndogo za michezo, mfano Hobie 16 yenye urefu wa mita 5 hivi, turubai huwambwa baina ya miili hiyo, na mabaharia hukaa juu yake. Chombo hiki hakina foromali. Henza hufungwa moja kwa moja kwenye ncha ya juu ya tanga, na ukingo wa mbele wa tanga huteleza ndani ya mfereji wa mlingoti.

Kutweka Tanga na Kufunga Henza

Kabla ya kutweka tanga, omo huelekezwa upepo unakotoka na demani hulegezwa. Hatua hii haipaswi kurukwa. Tanga likijaa upepo, ukingo wake hubana katika mfereji, nayo henza huwa nzito kuvuta.

Tanga likifika juu, henza huweza kufungwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ndoano ya chuma iliyo kileleni mwa mlingoti, ambayo hunasa kipande cha chuma kilicho kwenye henza. Faida yake inaelezeka kwa hesabu nyepesi. Henza ikifungwa chini ya mlingoti na tanga likavutwa kwa uzito wa kilo 100, mlingoti hubeba kilo 100 za tanga na kilo 100 nyingine za kamba inayorudi chini, jumla kilo 200. Henza ikinaswa kileleni, mlingoti hubeba kilo 100 pekee. Isitoshe, kamba ndefu haipati nafasi ya kunyumbuka na kulilegeza tanga. Hatimaye tanga hukazwa kwa kamba nyingine inayolivuta chini.

Njia ya pili ni kuifunga henza kwenye kishikizo chenye pembe mbili kilicho chini ya mlingoti. Kamba huzungushwa kwanza duru moja nzima kwenye shina la kishikizo. Kisha huvukishwa kutoka pembe moja hadi nyingine kwa umbo la tarakimu 8, mara mbili au tatu. Mwisho huwekwa kitanzi kimoja kilichopinduliwa ili kuikaza. Duru ya kwanza ndiyo ibebayo uzito mkubwa. Kuongeza vitanzi vingi hakuongezi usalama. Huongeza tu muda wa kuvifungua.

Kuhifadhi Kamba Iliyosalia

Baada ya tanga kupanda, kamba ndefu husalia mkononi mwa baharia. Ikiachwa ovyo juu ya turubai, hunasa miguu, huburura majini, na chombo kikipinduka huweza kumzinga mtu aliye chini yake. Kwa hiyo hukunjwa kwa mikunjo iliyo sawa, kuanzia upande uliofungwa kuelekea ncha huru, ili msokoto uishie kwenye ncha. Kisha hutiwa katika mfuko wa turubai. Ncha huru nayo hufungwa chini ya mlingoti ili isije ikaponyoka na kupaa hadi kileleni.

Tanga likishatuliwa, ncha ya juu ya henza haiachwi ikining'inia. Hufungiwa mahali palipo mbali kidogo na mlingoti na kukazwa kiasi, isije ikapigapiga mlingoti na kulika usiku kucha.

Uzito wa Jina

Upepo wa ghafla unapovuma, amri ya "Legeza kamba!" inaweza kueleweka kwa namna mbili. Demani ikilegezwa, tanga huuachilia upepo mara moja na chombo hutulia. Henza ikilegezwa tanga likiwa limejaa upepo, tanga huweza kubana katikati ya mlingoti, lisishuke wala lisiongozeke. Amri ya "Legeza demani!" haiachi shaka. Baada ya hapo omo huelekezwa upepo unakotoka, kisha ndipo "Tua tanga!" huwa na maana.

Je, kamba ya katamarani iitwe henza au jarari? Jarari hufanya kazi pamoja na gofia ili kupunguza uzito wa foromali. Katamarani iliyoelezwa hapa haina foromali wala gofia hiyo. Kamba moja hupanda, hupita kileleni na kurudi mkononi. Kwa mantiki hii, henza ndilo jina linalofaa, nalo jarari lihifadhiwe kwa kazi yake ya asili.

Hitimisho

Wahenga walisema kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Imebainika kwamba Kiswahili kina nyenzo za kueleza chombo kigeni bila kubuni kila neno upya: henza, demani, omo, kutweka na kutua zimehama kutoka jahazini bila kupoteza maana. Pengo lililopo ni la vifaa vipya, kama vile ile ndoano ya kileleni na kile kishikizo cha pembe mbili. Kabla ya kubuniwa istilahi zake, inapasa wanafunzi na wahadhiri wawaulize kwanza mabaharia wa mwambao, kwani huenda kifaa kinachoonekana kigeni tayari kina jina bandarini.