SOMO LETU: Diski Kubwa na Diski Yenye Kasi



Siku hizi viko vikundi vijijini vinavyojipatia fedha kwa kupiga video. Wanapiga video za harusi, ngoma, mahafali, hata mikutano ya ushirika. Wanakikundi wanachanga, wananunua kamera, kompyuta na diski ya kuhifadhia. Wakifika dukani huuliza swali moja tu: "Diski hii inaingiza kiasi gani?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Liko swali la pili: "Inaandika kwa kasi gani?" Leo tutajifunza swali hilo la pili.

Fikiria mashine ya kusaga. Unga unatoka, na mtu anakinga gunia. Gunia laweza kuwa kubwa sana, lakini kama mdomo wake ni mwembamba unga utamwagika chini. Mashine haimsubiri mtu. Video nayo ni hivyo hivyo. Bwana harusi hawezi kuambiwa, "Ngoja kwanza, diski imechoka!" Diski ikichelewa, picha zisizoandikwa zinapotea. Baadaye ukitazama video unaona watu wanarukaruka, au unakuta imekatika kabisa. Na harusi hairudiwi.

Sasa tufanye hesabu. Chukua kalamu na karatasi.

Video siyo picha moja. Ni picha nyingi zinazofuatana upesi. Tuseme ni picha 25 kila sekunde. Kila picha imejengwa kwa nukta ndogo sana. Katika video ya HD kamili, nukta ni 1920 kwa upana, na 1080 kutoka juu hadi chini. Zidisha:

1920 × 1080 = nukta 2,073,600.

Kila nukta tuipe baiti 2. Baiti ni kipimo cha mzigo wa kompyuta, kama vile kilo ni kipimo cha mahindi. Basi picha moja ni baiti 4,147,200. Zidisha mara 25, unapata baiti 103,680,000. Baiti milioni moja huitwa megabaiti. Kwa hiyo diski inatakiwa kuandika karibu megabaiti 104 kila sekunde, bila kupumzika. Diski ya terabaiti 1, yaani megabaiti 1,000,000, itajaa kabla ya saa tatu kutimia.

Usiogope. Mzigo huo ni wa video ambayo haikubanwa. Kamera nyingi huibana video zenyewe kabla ya kuiandika. Zinafanyaje? Haziandiki kila picha yote upya. Ukuta ulio nyuma ya bibi harusi haubadiliki, basi kwa nini uandikwe mara 25 kwa sekunde? Kamera huandika zaidi yale yaliyobadilika. Kwa mfano, kamera za aina ya HDV, aina iliyotangazwa mwaka 2003, huandika megabiti 25 kwa sekunde au pungufu.

Hapa angalia sana! Biti siyo baiti. Biti 8 ndizo zinazofanya baiti 1. Wauzaji wengine huzichanganya, na tarakimu ikiwa kubwa mnunuzi anafurahi. Gawa 25 kwa 8, unapata 3 na kidogo. Megabaiti 3 badala ya 104! Mzigo huo diski yoyote ya kawaida inaubeba.

Mzigo mkubwa unakuja pale mtu anapounganisha kamera na kompyuta kwa waya, na kunasa picha zote bila kuzibana. Hapo diski inayozunguka inaweza kukuangusha, tena inakuangusha kwa hila. Diski hiyo ni kama santuri: sahani inazunguka, na mkono mdogo unasoma na kuandika. Nyingi huzunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Watoto wakishikana mikono wakazunguka, aliye nje anakimbia njia ndefu kuliko aliye katikati. Basi na diski, katika mzunguko mmoja ukingo wa nje unapokea mengi, na karibu na katikati unapokea machache, pengine nusu tu. Kwa kawaida diski huanza kujaa kutoka nje. Ndiyo maana ukiijaribu ikiwa tupu inafanya kazi vizuri, kumbe ikikaribia kujaa inashindwa. Sherehe imefika kwenye kukata keki, na diski imefika katikati!

Kwa hiyo usinase video kwenye diski iliyokaribia kujaa. Wala usitumie ile ile inayoendesha kompyuta, maana mkono wake utakuwa unakimbia huku na huku kama mama mwenye sufuria mbili jikoni. Zipo pia diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka. Nyingi huandika megabaiti mia kadhaa kwa sekunde, ila bei yake ni kubwa kwa ukubwa ule ule. Mimi naona kikundi kinachopiga harusi hakina haja ya video isiyobanwa. Afadhali fedha hizo zinunue diski ya pili ya kuwekea nakala.

Na memori kadi ya kamera? Tazama alama zake. Tarakimu 10 ndani ya herufi C maana yake inaandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde. V30 maana yake angalau 30. Kadi za bandia zina alama hizo hizo, basi ijaribu nyumbani kwa kupiga video mpaka ijae, ndipo uende nayo kazini.

ZOEZI

1. Kamera inaandika megabiti 24 kwa sekunde. Hizo ni megabaiti ngapi? Kadi ya C10 itatosha?

2. Waya wa USB 2.0 umeandikwa megabiti 480 kwa sekunde. Je, video ya megabaiti 104 kwa sekunde itapita?